Anayemlisha Pima Tena

Mume wangu anaitwa Pima Tena, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake kazini, kwa sababu hakuna kitu kilichowahi kupita mikononi mwake kikapimwa mara moja tu. Nyumbani ni vilevile. Sukari ya chai ina kijiko chake, na kijiko hicho kina alama aliyoichora mwenyewe kwa msumari. Mtoto wetu alipozaliwa, muuguzi akatutajia uzito wake, na bwana huyu akamwomba kwa adabu zote ampime tena. Muuguzi alinitazama mimi, kana kwamba ni kosa langu kuolewa naye. Huenda ni kosa langu kweli. Nilimpenda hivyohivyo alivyo, nampenda mpaka leo, na nina wivu naye kupita kiasi. Sioni haya kulisema hilo. Wanawake wanaojigamba kwamba hawana wivu, mimi najua waume zao hawajawahi kutamaniwa na mtu.

Kazi yake ni ya chumvi. Kiwanda chetu ni kidogo, kinatengeneza soseji na ile nyama ya ng'ombe ya moshi inayokatwa vipande vyembamba vya kuweka kwenye mkate. Duka liko mbele, linatazama barabara. Nyuma kuna mashine za kusagia, majiko na vyumba vya baridi. Katikati kuna chumba cha kupimia: vigae vyeupe mpaka juu, meza ya chuma, mizani mbili, kabati lenye kufuli, na dirisha kubwa la kioo upande wa dukani. Dirisha hilo liliwekwa ili wateja waone usafi wetu. Mimi nalitumia kwa shughuli nyingine.

Ndani ya kabati kuna ndoo ya chumvi ya pinki. Hiyo si chumvi ya mezani. Ni chumvi iliyotiwa naitraiti kidogo, na huko inakotengenezwa wanaipaka rangi makusudi, mtu asije akaidhani ya kawaida akaimwaga kwenye mboga. Soseji isiyo na chumvi hiyo ikiiva inakuwa ya kijivu kama kitambaa cha kufutia meza. Ikitiwa, inabaki nyekundu na kupata ile ladha ambayo watu wanaifuata. Lakini rangi na ladha ni mapambo tu. Kazi yake hasa ni kumzuia mdudu mmoja asiyeonekana, anayependa kujificha ndani ya nyama mahali pasipo na hewa, akatengeneza humo sumu isiyo na harufu wala ladha.

Pima Tena aliyajua hayo kabla hajaanza kunyoa ndevu. Alilelewa kwa mjomba wake, mwuza nyama, mtu mbishi ajabu. Mjomba alisema dawa ni za hospitali, akahifadhi nyama yake kwenye vyombo vilivyofungwa kabisa, kwa chumvi ya mezani peke yake. Walipofungua chombo kimoja nyama ilinukia vizuri, na mkaza mjomba akaonja jikoni kabla ya wengine. Kesho yake akawa anaona vitu viwiliviwili. Kope zikamlegea, sauti ikampotea, mwisho akashindwa kumeza hata maji. Hospitali walijitahidi, haikusaidia. Mkaza mjomba huyo ndiye aliyemlea mume wangu tangu anatambaa. Baada ya mazishi kijana alifunga nguo zake, akaja kugonga mlango wa kiwanda hiki, akasema anataka kufundishwa chumvi.

Aliyekianzisha kiwanda, marehemu sasa, alimpokea na kumfundisha jambo la pili, kwamba hiyohiyo inayookoa inadhuru ikizidi. Naitraiti nyingi mwilini inaizuia damu isibebe hewa, midomo ikageuka buluu, na watoto wadogo ndio wa kwanza kuumia. Kwa hiyo marehemu aliweka utaratibu, na haujavunjwa mpaka leo. Hapimi mtu peke yake. Wa kwanza anapima chumvi ya pinki kwenye bakuli, anafunika, hatamki uzito. Wa pili anachukua bakuli lilelile, analipima kwenye mizani ya pili. Wakikubaliana, wa pili ndiye anayemwaga kwenye nyama. Alasiri, soseji zikishaiva na kupoa, kipande cha kwanza hakiendi dukani. Wale wawili wanasimama mezani, na kila mmoja anamlisha mwenzake kwa mkono wake. Kujilisha hakuna. Marehemu alikuwa akisema, kama unaogopa kufungua mdomo mbele ya mkono uliopima nao, basi hiyo nyama usimwuzie mtu.

Sasa sikilizeni. Mkono wa pili ulikuwa wangu.

Niliajiriwa kufanya usafi, nikapandishwa mizani ya pili, na hapo ndipo tulipooana kwa kweli, yale mengine yalikuwa makaratasi na wageni. Wanaume wengine wakitaka mwanamke humsifia macho. Wangu alinieleza habari za mchicha. Aliniambia majani ya kijani na viazisukari vyekundu vina naitreti, ndugu yake naitraiti, tena watu wengi wanaipata huko zaidi kuliko kwenye soseji, na mate yetu wenyewe yanaigeuza kuwa naitraiti. Nilimsikiliza kana kwamba ananiimbia. Akaniambia soseji isiunguzwe mpaka iwe nyeusi, kwa sababu kwenye moto mkali nyama ya namna hii inazaa vitu visivyoutakia mwili mema, na kwamba si chakula cha kila siku. Nikajiambia, mwanamume anayekuonya usile sana kile anachokitengeneza, huyo ni wa kuolewa naye. Na kila alasiri, vidole vyake mdomoni mwangu. Alikuwa ananawa mpaka kwenye viwiko, anakata kipande chembamba, anakikunja mara mbili ili kisinichafue. Nani ameshawahi kukunjiwa chakula namna hiyo? Mama yangu mwenyewe hakunikunjia.

Kisha nikajifungua. Nilipomaliza likizo ya uzazi, nimerudi na koti langu jeupe limepigwa pasi, nikamkuta binti mmoja, Kicheko, amesimama mahali pangu.

Kicheko ni jina nililompa mimi. Mizani ikiwaka anacheka, ikizimika anacheka. Ana vidole virefu ambavyo sijui mfanyakazi wa nyama anavihitaji vya nini. Na ana heshima, hiyo ndiyo inayoniua. "Shikamoo dada" kila asubuhi, na kuinama kidogo juu ya hayo. Mtu wa namna hiyo utamwanzia wapi ugomvi? Tajiri wetu, binti wa marehemu, aliniita ofisini akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema mimi nina mdomo, na mdomo kama wangu ukikaa chumba cha kupimia unaharibika bure, mahali pake ni dukani. Mauzo yalipanda, sikatai. Lakini kila nilipopata nafasi nilimwomba anirudishe kwenye mizani ya pili, naye kila mara alisema tutaona. Sikuwa na haja nyingine duniani. Nilitaka mkono unaomlisha mume wangu uwe mkono wangu.

Mume wangu mwenyewe nilijaribu kumwuliza nyumbani, tukiwa tunakula. Nikamwuliza anapolishwa na Kicheko anafungua mdomo kiasi gani. Mwanamume mwenye akili angejibu kidogo tu. Huyu aliweka kijiko chini, akafikiri, akanionyesha. Kisha akaona hakuonyesha sawasawa, akanionyesha tena. Niliondoa sahani yake hajamaliza.

Basi nikawa naishi dukani, mwili uko kwenye kaunta na macho yako kwenye kioo. Mteja anauliza kama soseji ina kemikali, namjibu ndiyo mama, ina kipimo kidogo kinachoruhusiwa, bila hicho nisingekuuzia, na ukifika nyumbani usiiunguze. Nayasema hayo yote bila kumtazama. Asubuhi nawaangalia wakipima, alasiri nawaangalia wakilishana. Msiri wangu alikuwa Mzee Kisu, mkata nyama, ambaye alikuwa akitoka chumba cha baridi baada ya chakula cha mchana kuja kuota jua dukani. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea malalamiko yangu yote. Leo wamecheka. Leo amemfunga kamba za aproni. Leo kipande kimekunjwa mara mbili, kilekile cha kwangu. Mzee wa watu ananoa kisu chake, anaitikia ee, ee, anaendelea kunoa.

Siku ninayotaka kuwaeleza, mizani moja iliamka imekufa. Haikuwaka kabisa. Fundi akaitwa, lakini nyama ilikuwa imeshasagwa na haingoji fundi. Wakaamua kutumia mizani iliyobaki kwa zamu. Mimi nilikuwa kwenye kioo, kitambaa mkononi, najifanya nafuta. Nilimwona mume wangu akifungua ndoo mpya ya chumvi ya pinki, akapima, akafunika bakuli lake, akaliweka pembeni ili ampishe mwenzake mizani. Alipogeukia kabati, Kicheko akaja na bakuli lake, akachota, akapima kwa makini, uso umekazwa, hata kucheka hakucheka. Wakasomeana namba, nikaona wanatikisa vichwa kwamba sawa. Kicheko akamwaga kwenye nyama, akatoka kwenda kumsikiliza fundi mlangoni. Mume wangu alikuwa amegeuka anafunga ndoo. Alipogeuka tena aliona bakuli limefunikwa mezani. Akalifunua, akatazama mlangoni, akatabasamu, akamwaga yeye.

Lile tabasamu lilinikata maini. Kumwaga ni kazi ya wa pili. Nilipokuwa wa pili mimi, hata nilipokuwa na tumbo la miezi ya mwisho, vidole vya miguu yangu sivioni, hakuwahi kunimwagia hata punje. Kila mtu na kazi yake, ndivyo alivyokuwa akiniambia. Leo binti ametoka kidogo tu mlangoni, bwana anamfanyia kazi yake na kutabasamu juu ya hayo. Nikajikaza kisabuni mpaka saa ya chakula. Nilimkabidhi mteja soseji zake na kumwambia karibu tena kwa sauti ambayo ilimfanya aondoke haraka. Nilipanga maneno ya kumwambia mume wangu jioni, nikayapangua, nikayapanga upya yakiwa makali zaidi.

Mzee Kisu alipotoka nje hakupata hata nafasi ya kukaa. Nikamwambia yamefika mwisho sasa, bwana ameanza na kumfanyia kazi. Nikamwambia habari ya tabasamu. Mzee akanoa kisu, ee, ee. Nikamwambia na kumwaga amemmwagia.

"Kwani yule binti hakumwaga mwenyewe?" akauliza, kwa kunipoza tu.

"Alimwaga. Halafu na yeye akamwaga."

Kisu kiliacha kunolewa. Mzee akaniangalia, nami nikayasikia maneno yangu mwenyewe kama yamesemwa na mtu mwingine. Mabakuli mawili. Mume wangu alidhani ni moja wamelipima wote wawili, Kicheko alidhani la kwanza ni la kulinganishia tu, kumbe kila mmoja alipima la kwake, kila mmoja akapata namba sahihi, kila mmoja akasema sawa, na wote wakamwaga. Kosa kama hilo haliwezi kufanywa na watu wazembe. Mzembe angepima mara moja akaenda zake. Macho yangu yalikuwa yamewaona wote wawili waziwazi tangu asubuhi, ila moyo ulikuwa unahesabu tabasamu.

Nikageukia kioo. Soseji zilikuwa mezani zimepoa, kipande cha kwanza kimeshakatwa. Kicheko amekishika kwa vile vidole vyake, na mume wangu, maskini wa Mungu, anafungua mdomo kiasi kilekile alichonionyesha.

Nilijua kipande kimoja hakimwui mtu mzima. Nimepima chumvi hiyo miaka, najua. Lakini miguu haikuningoja. Niliruka kaunta upande wa mlango, nikaingia chumba cha kupimia bila koti, bila kofia ya nywele, na ndala za dukani, jambo ambalo hata tajiri mwenyewe halifanyi. Nikaupiga mkono wa Kicheko, kipande kikaanguka sakafuni.

Kiwanda kizima kilisimama. Mashine ya kusagia ikazimwa. Nikaona kwenye nyuso zao kwamba walikuwa wakiingoja siku hii kwa muda mrefu, siku mke wa Pima Tena atakapomwangukia yule binti. Mmoja alikuwa ameshaanza kutabasamu. Kicheko alirudi nyuma mpaka akagusa kabati, ameushika mkono wake. Mume wangu alikuwa ameinamisha uso kwa aibu.

"Mke wangu," alisema taratibu, "si hapa. Nakuomba. Twende nyumbani tukaseme."

Hapo ndipo nilipoonja uchungu wa wivu wangu. Nimekuja na neno la kweli, na hakuna hata mmoja anayeona kwamba nimekuja na neno. Wanaona tu mwanamke amepandwa na mori. Nikamshika koti lake, nikamwambia karibu na uso wake, ili asikie yeye hata kama wengine hawatasikia.

"Mlimwaga wote wawili. Pima ndoo."

Hakuniuliza nimejuaje. Hilo nitamshukuru mpaka kaburini. Alitoa ndoo kabatini, ile iliyofunguliwa asubuhi, uzito wake umeandikwa ubavuni, akaiweka kwenye mizani. Akasoma. Akaishusha, akaipandisha tena, akasoma tena. Upungufu ulikuwa wa mabakuli mawili. Akakaa kwenye kiti cha chuma, na Kicheko, baada ya kuitazama ile namba, akaanza kulia. Na analia vizuri pia, ndiyo balaa yenyewe. Nilitaka kufurahi. Nilikuwa nimeisubiri siku ya kumwona analia, na ilipofika nikamtafutia kitambaa.

Soseji zote zilimwagiwa dawa ya kusafishia, zikatupwa, asije mtu akaziokota. Tajiri alikuja na kuuliza, na mume wangu akamwambia bila kuficha. Alisema mtu mzima angekula na huenda asingeona kitu, lakini kipimo kilichoruhusiwa kimezidi mara mbili, na soseji hizi zinaliwa na watoto wa mtaa huu kuanzia asubuhi hadi jioni. Alisema kosa ni lake. Kicheko akasema ni lake yeye. Wakaanza kubishania kosa kwa upole, hivi na hivi, na mimi nikahisi damu inaanza kuchemka upya.

Ndipo tajiri akanigeukia. Aliuliza mimi niliyeko dukani nimejuaje kilichotokea humu ndani asubuhi. Mzee Kisu akaangalia viatu vyake.

"Huwa naangalia," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Yule aliyekuwa ameanza kutabasamu akacheka sasa wazi, na wengine wakamfuata, hata Kicheko ndani ya machozi yake. Mume wangu peke yake hakucheka. Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza anasikia habari hiyo, kisha akainamisha uso, lakini safari hii si kwa aibu. Tajiri akaniambia niombe ninachotaka. Mnajua nilichoomba. Sikumeza hata mate, nikasema mizani ya pili.

Tajiri akafikiri. Akasema wapimaji wawili wenye makini kuliko wote anaowajua walikuwa wameangalia mizani, na bado wamekosea. Aliyeona ni yule aliyekuwa anawaangalia wao. Kwa hiyo kuanzia kesho kutakuwa na wa tatu, atakaa kwenye kiti ndani ya chumba, hatashika kitu, kazi yake ni kutazama mikono yao kuanzia ndoo inapofunguliwa mpaka inapofungwa. Hawezi kumpata mtu mwingine mwenye jicho kama langu. Akasema hayo akiwa amekaza uso, lakini namjua, moyoni alikuwa anavunjika mbavu.

Kwa hiyo ile niliyokuwa nikiifanya kwa kuiba sasa ndiyo kazi yangu halali. Nimepewa koti jipya na kiti. Kila asubuhi nakaa, natazama vidole vya mume wangu na vidole vya yule binti, na siruhusiwi kupepesa macho wala kutoka nje. Wakicheka nasikia wanachokicheka. Mara nyingi ni mambo ya mizani, wala hayachekeshi.

Halafu ikaja alasiri ya kwanza, na kipande. Tulikuwa watatu, na utaratibu wa marehemu uko palepale, kujilisha hakuna. Tukasimama tukitazamana. Pima Tena akapiga hesabu kichwani, akapiga tena, akasema njia ni moja tu. Mimi nitamlisha yeye. Yeye atamlisha Kicheko. Na Kicheko atanilisha mimi.

Nilimlisha mume wangu kwanza. Nilikunja kipande mara mbili, naye akafungua mdomo zaidi kidogo ya kile alichonionyesha, nimekipima kwa macho yangu. Kisha nikamtazama akikunja kipande cha yule binti. Alikikunja mara moja tu. Nililiona hilo. Kicheko akatafuna, akameza, akanawa mikono upya, akakata kipande changu, akanisogelea.

"Samahani dada," akasema. "Fungua."

Nikamtazama machoni muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Halafu nikafungua mdomo, akanilisha, nikatafuna taratibu nikitafuta kosa, na chumvi ilikuwa sawasawa.